Bunduki nyepesi ya hewa ya kukunja mtutu: jinsi ya kuichagua, kuizoea na kuitunza

Koki bunduki ya springi, yaani kunja mtutu mpaka springi ibanwe, mara 60 mfululizo, na mkono utakwambia kile ambacho tangazo la dukani halisemi. Zile kubwa zenye nguvu nyingi hutaka uvute kwa uzito wa kilo 18 au zaidi kila unapokunja mtutu. Nyepesi hutaka karibu nusu ya hapo. Mwenye ile kubwa huanza kutetemeka misuli mapema, shabaha yake ikatawanyika, naye akadhani kosa ni la darubini. Mwenye nyepesi anaendelea kupiga, na anayepiga sana kwa utulivu ndiye anayejifunza. Kwa maoni yangu hiyo peke yake inatosha kumshauri mtu anayeanza, na hata wengi waliokwisha kuzoea, waachane na mbio za kutafuta bunduki yenye kasi kubwa ya risasi.

Nikisema nyepesi nina maana ya bunduki ya kilo 2.5 hadi 3 hivi, isiyozidi sana mita moja kwa urefu, yenye nguvu ya joule 7 hadi 11 (joule ni kipimo cha nishati ya risasi inapotoka mtutuni). Mfano unaojulikana sana ni HW30 ya kampuni ya Weihrauch ya Ujerumani, yenye uzito wa kilo 2.5 hivi. Si lazima ununue hiyo, ila ukiishika utaelewa kwa nini watu huibakiza hata baada ya kununua nyingine za bei kubwa.

Kinachotokea ndani yake

Usiruke sehemu hii. Karibu kila ushauri unaofuata chini unatokana nayo.

Unapokunja mtutu kwenda chini, fimbo iliyo chini yake husukuma pistoni nyuma na kuibana springi, mpaka pistoni inaswe na ndoano ya kifyatulio. Ukifyatua, springi inaachiwa, pistoni inakimbia mbele na kuibana hewa iliyo kwenye silinda. Hewa hiyo hupenya kitundu kidogo na kukisukuma kirisasi kilicho mwanzoni mwa mtutu. Hakuna gesi ya akiba wala mtungi wa kujaza, na pampu haihitajiki. Kila risasi unaitengeneza kwa mkono wako.

Sasa sikiliza mahali penye tabu. Pistoni inapokwenda mbele, bunduki nzima husukumwa nyuma. Kisha pistoni inapogota kwenye mto wa hewa mwisho wa silinda, bunduki hurushwa mbele. Yaani teke lake ni la pande mbili, nalo huanza kabla kirisasi hakijatoka mtutuni. Katika bunduki ya baruti risasi huwa imeshaondoka teke linapokuwa bado linaanza kukufikia begani. Hapa kirisasi kimo ndani ya kitu kinachotikisika, na popote mtutu utakapoelekea wakati kinatoka, ndiko kitakakokwenda.

Bunduki nyepesi ya nguvu ndogo ina springi laini zaidi na pistoni isiyokimbia kwa fujo, kwa hiyo mtikisiko wake ni mdogo na husamehe makosa ya mkono. Kuna bunduki za kilo 2.5 zilizotiwa springi ya kupindukia ili ziandikwe kasi kubwa kwenye boksi, na hizo ndizo mbaya kuliko zote. Uzito mdogo na nguvu kubwa haviishi pamoja kwa amani.

Hatua ya 1: Sheria kabla ya pesa

Kila nchi ina yake, na tofauti ni kubwa. Ujerumani, bunduki ya hewa isiyozidi joule 7.5 hupigwa alama ya F ndani ya umbo la pembetano, na mtu mwenye miaka 18 anaweza kuinunua bila kibali cha silaha. England na Wales, mpaka wa bunduki ndefu isiyohitaji cheti ni futi-pauni 12, sawa na joule 16 na kidogo, lakini Scotland yenyewe imetaka cheti tangu mwisho wa mwaka 2016. Kwingineko bunduki ya hewa huhesabiwa sawa na silaha ya moto na kumiliki bila leseni ni kosa la jinai. Nenda kituo cha polisi au ofisi inayohusika na silaha, uliza, na upate jibu kabla hujalipa. Neno la muuzaji halitakusaidia mahakamani.

Hatua ya 2: Kuchagua

Kipenyo kwanza. Vilivyo vingi sokoni ni milimita 4.5 na 5.5. Kwa bunduki nyepesi chukua 4.5. Nguvu ni ndogo, na kirisasi kizito cha 5.5 kitakwenda polepole na kudondoka sana njiani. Tena virisasi vya 4.5 kwa kawaida ni bei nafuu, na ndiyo saizi inayotumika kwenye mashindano ya mita 10, mchezo ulioingia Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles.

Usidanganyike na kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Mara nyingi hupimwa kwa kirisasi chepesi kupita kiasi cha aloi kisichokuwa na madini ya risasi, ambacho huna sababu ya kukitumia. Hesabu ya kweli ni hii: kirisasi cha gramu 0.51 kwa joule 7.5 hutoka kwa mita 171 hivi kwa sekunde. Hiyo inatosha kabisa kutoboa karatasi kwa usahihi mita 10 hadi 25. Kirisasi kinachokaribia kasi ya sauti, mita 340 kwa sekunde, huyumba kinapoivuka, kwa hiyo kasi kubwa haikuongezei shabaha hata ungeilipia.

Kifyatulio ndicho cha kulipia. Kizuri kina hatua mbili: kwanza kinavutika kwa ulaini bila kufanya kitu, kisha kinagota kwenye kizuizi unachokihisi wazi, na kutoka hapo msukumo mdogo tu unafyatua. Kibaya huvutika kwa kukwaruza mwendo mrefu bila kukwambia ni lini bunduki italia.

Ukinunua iliyotumika, kagua hivi. Kunja mtutu nusu njia na uutikise kushoto na kulia: ukicheza kwenye bawaba, bunduki haitarudia mahali pale pale. Angalia pete ya mpira iliyo mwanzoni mwa mtutu, isiwe imebonyea au kukatika. Chungulia ndani ya mtutu ukiwa umefunguliwa, mifereji iliyojisokota ionekane wazi bila kutu. Utazame mtutu kwa kuufuata na jicho kwa urefu wake. Uliopinda juu kidogo ni dalili kwamba mtu alifyatua ukiwa umekunjwa, na bunduki hiyo iache dukani.

Hatua ya 3: Kabla ya risasi ya kwanza

Bunduki mpya hutoka kiwandani na oili ya kuzuia kutu mtutuni. Pitisha kitambaa kikavu kutoka upande wa kupakia kwenda mdomoni mpaka kitoke safi. Usitie oili yoyote kwenye kitundu cha hewa. Hewa inapobanwa ghafla hupata joto kali, na mafuta yaliyomo huwaka: utasikia mlio mkubwa usio wa kawaida, utaona moshi na kunusa kitu kilichoungua. Kidogo cha hayo katika risasi za mwanzo ni cha kawaida na kitaisha chenyewe. Cha kuendelea kinaharibu sili ya pistoni (kizibo kinachozuia hewa isivuje) na kuivunja springi.

Kisha kaza skrubu zinazoshikilia mbao ya bunduki. Kwa kawaida kuna mbili pembeni mbele na moja au mbili kwenye kinga ya kifyatulio. Mtikisiko wa pande mbili huzilegeza, na skrubu iliyolegea ndiyo chanzo namba moja cha bunduki iliyokuwa ikipiga vizuri jana na leo inatawanya. Zikaze mpaka zishike, usizikamue hadi mbao ipasuke. Mimi huweka nukta ya rangi ya kucha nusu kwenye kichwa cha skrubu na nusu kwenye mbao. Nukta ikiachana, najua bila kugusa bisibisi.

Hatua ya 4: Mahali pa kupigia

Kirisasi cha bunduki hii dhaifu bado kinaweza kuruka zaidi ya mita 200 na kutoboa jicho. Shabaha iwe na kizuizi nyuma yake, na nyuma ya kizuizi pasiwe na njia, dirisha wala mtu. Boksi imara lililojazwa magazeti yaliyobanwa sana au matambara mazito linafaa, mradi nyuma yake kuwe na bamba la chuma. Bamba tupu liinamishwe ili virisasi vipigwe kwenda chini kwenye mchanga. Ukuta wa saruji, mawe na mbao ngumu hurudisha kirisasi kulikotoka. Miwani ya kinga ivaliwe na mpigaji na kila aliye karibu naye.

Gololi za chuma usizitie kabisa. Zinaharibu mifereji ya mtutu na zinadunda vibaya.

Na ndege au wanyama? Kwa joule 7 utamjeruhi zaidi ya kumwua. Hii ni bunduki ya karatasi na makopo.

Hatua ya 5: Kukoki na kupakia

Hapa ndipo vidole huumia, kwa hiyo fanya kwa utaratibu ule ule kila mara. Mdomo wa mtutu uelekee upande salama, kidole kiwe nje ya kifyatulio. Egemeza kitako pajani au kiunoni, shika mtutu karibu na mdomo, na uuvute chini kwa mwendo mmoja usio wa papara mpaka usikie mlio wa kunasa. Baadhi ya bunduki hufungwa kwa nguvu, zikihitaji upige mtutu kofi dogo kwa kiganja ili uachie. Hilo si kosa.

Sasa la muhimu: mkono ulioshika mtutu usiuachie unapopakia. Ndoano ikichomoka, mtutu uliokunjwa hurudi juu kwa kasi ya kukata kidole na kupinda chuma. Shikilia kwa mkono mmoja, weka kirisasi kwa mwingine, sketi yake (ule upande mpana ulio wazi) ikiwa nyuma, ukisukume mpaka kilingane na uso wa chuma bila kuchomoza. Ukiona sketi imebonyea kitupe, hakitakwenda sawa na wenzake. Funga mtutu kwa upole lakini hadi mwisho.

Ukishakoki, piga. Usiiache imekokiwa huku ukinywa chai, maana springi iliyobanwa muda mrefu huchoka. Ukibadili mawazo, fyatua kirisasi kwenye kizuizi chako. Wala usifyatue bila kirisasi: pistoni hukosa mto wa hewa na kugonga chuma kwa chuma.

Hatua ya 6: Mshiko

Hii ndiyo kazi yenyewe. Mtu aliyezoea bunduki ya baruti huishika hii kwa nguvu, akaikaza begani, kisha akashangaa kwa nini risasi tano zimekwenda sehemu tano. Anapigana na mtikisiko, na mkono wa binadamu hauwezi kukaza kwa kiasi kile kile mara mbili. Dawa ni kuiacha bunduki itikisike, lakini itikisike vilevile kila mara. Mwandishi Mmarekani Tom Gaylord aliueneza mshiko huu kwa jina la mizinga, kwa kuwa mzinga wa kivita huachiwa urudi nyuma kwa uhuru.

Kaa mezani ukiweka kiwiko, au uketi chini ukiegemeza viwiko kwenye magoti. Fungua kiganja cha mkono wa mbele, kitazame juu, na ulaze mbao ya bunduki juu yake bila kuifumbata. Vidole visiiguse pembeni. Mahali pa kuanzia ni karibu na kinga ya kifyatulio, mbele yake kidogo. Bunduki itaonekana nzito mbele na kuyumba kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Kitako kiguse bega tu, kisisindikwe. Shavu liguse mbao bila kuikandamiza. Mkono wa kifyatulio ushike kiasi cha kutoiangusha.

Halafu fanya jaribio dogo ambalo wengi hulidharau. Elekeza bunduki kwenye shabaha, fumba macho, vuta pumzi, itoe, ulegee kabisa, ufumbue. Ikiwa kilengeo kimehama kwenda kushoto, ina maana misuli yako ndiyo iliyokuwa ikiishikilia pale. Usiisukume irudi kwa mikono. Sogeza mwili mzima, kiti au kiwiko, mpaka ukifumbua macho uikute bado ipo penyewe. Bila hivyo, pistoni ikitikisika misuli huachia na mtutu huchepuka kabla kirisasi hakijatoka.

Vuta hatua ya kwanza ya kifyatulio, kidole kikigota kwenye kizuizi chake tulia, na ongeza shinikizo polepole kwa ncha ya kidole. Mlio ukitokea, usinyanyue kichwa. Endelea kutazama shabaha kupitia vilengeo mpaka uone tundu. Muda wa kirisasi kusafiri mita 25 kwa bunduki hii unakaribia moja ya sita ya sekunde, na anayechungulia mapema huanza kuinua uso kabla hata hakijatoka.

Usiilaze bunduki moja kwa moja juu ya meza au mfuko wa mchanga mgumu. Itadunda na kupiga juu. Kiganja kiwe kati.

Kundi la matundu kwenye karatasi likienda juu na chini kwa mstari, hamisha kiganja sentimita mbili tatu mbele au nyuma na ujaribu tena. Kila bunduki ina mahali pake, na ukipapata weka alama ya kipande cha tepu ili mkono upakute bila kutafuta.

Hatua ya 7: Kuchagua kirisasi, kisha kurekebisha vilengeo

Usiguse vilengeo kabla hujajua bunduki yako inapenda kirisasi gani. Nunua aina tatu au nne za risasi za kawaida zenye kiuno chembamba, gramu 0.45 hadi 0.6. JSB, H&N na RWS wanatengeneza nzuri, na baadhi huuzwa kwa vipenyo vya kichwa vya 4.50, 4.51 na 4.52. Piga kwanza kumi za kuzoesha mtutu kila unapobadili aina, kisha kumi za kuhesabu kwenye karatasi mpya, mita 10. Usijali zinatua wapi, jali zimekaribiana vipi. Aina inayobana zaidi ndiyo yako, hata kama ni ya bei ndogo kuliko zote.

Kwa kilengeo cha nyuma kanuni ni moja: kisogeze upande unakotaka risasi ziende. Zinatua kushoto, kipeleke kulia. Zinatua chini, kipandishe. Sogeza kidogo, piga tano, angalia katikati ya kundi. Usirekebishe kwa tundu moja.

Mimi kwa bunduki ya aina hii ningebaki na vilengeo vya chuma angalau miezi ya mwanzo. Darubini inaongeza nusu kilo juu ya kitu ulichokipendea wepesi. Ukiitaka hata hivyo, iwe imetengenezwa kwa bunduki za springi, kwa kuwa lile teke la mbele huvunja lenzi za darubini zilizoundwa kwa teke la nyuma tu. Iwe pia na uwezo wa kurekebishwa ione vizuri mita 10. Vishikizo viwe na pini ya kuzuia, la sivyo vitateleza nyuma kwenye reli. Darubini nyingi husogea robo ya dakika ya pembe (dakika ni sehemu ya sitini ya digrii) kwa kila mlio wa kitufe cha kuirekebishia, yaani kama milimita 0.7 kwa mita 10. Kwa hiyo kundi lililo sentimita 2 pembeni linahitaji milio karibu 28, si mitatu minne kama watu wanavyobahatisha. Mitutu ya kukunja aghalabu huinamia chini kidogo. Darubini ikiishiwa marekebisho ya juu, tafuta kishikizo kilichoinamishwa badala ya kuilazimisha.

Matunzo

Ni machache. Tone la grisi ya molibdenamu kwenye bawaba na pale fimbo inapoteleza, mara chache kwa mwaka. Futa chuma cha nje kwa kitambaa chenye oili kidogo, maana jasho la mikono huleta kutu upesi. Mtutu usafishe tu usahihi ukishuka. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika virisasi na kabla ya kula, kwani vina madini ya risasi. Ihifadhi ikiwa haijakokiwa, imefungiwa, virisasi mahali pengine, ufunguo mbali na watoto.

Nguvu ikipungua, anza na pete ya mpira ya mtutu. Laza ukanda wa karatasi laini juu ya kiungo cha mtutu na upige kirisasi kwenye kizuizi. Karatasi ikiruka, hewa inavujia hapo, na pete mpya ni kitu kidogo unachoweza kubadilisha mwenyewe. Isiporuka, tatizo huenda ni sili ya pistoni au springi, na hiyo ni kazi ya fundi. Springi hukaa imebanwa hata bunduki isipokokiwa, na ukifungua kizibo cha nyuma bila kibanio maalumu inaweza kuruka na kukuvunja meno. Bunduki ikirudi kutoka kwa fundi, anza tena hatua ya 7 tangu mwanzo. Springi mpya hubadili kasi na mtikisiko, na kirisasi ilichokuwa ikikipenda huenda sasa kisiwe kile kile.